Kinamasi cha Saiwa na Chemchemi ya Kukhu

Mhariri wa jarida hili alipotangaza mkutanoni kwamba kila mwanachama wa Chama cha Kiswahili alete makala ya kuelimisha, wenzangu walikimbilia mada nzito nzito. Mmoja alichukua dawa za kulevya, mwingine faida za kompyuta, wa tatu historia ya ushairi. Mimi nikasema nitaandika juu ya matope. Darasa zima likaangua kicheko. Hata Mwalimu mlezi wetu alitabasamu akaniuliza, "Matope yapi hayo, kijana?" Nikamjibu, "Yale tuliyoyamaliza nyumbani, Mwalimu." Hapo hakutabasamu tena, akaniambia niandike.

Nyumbani kwetu ni upande wa Chwele, Kaunti ya Bungoma. Chini ya boma letu kuna bonde ambalo wazee walilikuta likiwa kinamasi: mafunjo marefu kumpita mtu mzima, matete, vyura, ndege wa kila namna, na maji ambayo hayakuondoka hata Januari jua linapowaka kama tanuri. Ukingoni mwa bonde, chini ya mkuyu, palikuwa na chemchemi. Kukhu, yaani nyanya yangu mzaa baba, anasema siku ya pili baada ya kuolewa alitumwa hapo na mtungi, na tangu siku hiyo hajawahi kuambiwa maji yamekwisha.

Nilipokuwa shule ya chekechea, papa aliliona lile bonde kuwa shamba lililolala bure. Aliwaita vijana wakachimba mifereji mitatu mirefu, maji yakashuka kwenda mtoni, naye akapanda kabeji na sukumawiki. Sitakuficha, msomaji: miaka miwili ya kwanza tulivuna mpaka majirani wakaja kuiga. Ule udongo mweusi ulikuwa laini kama samli. Mwaka wa tatu kabeji zikatoka ndogo kama ngumi ya mtoto. Papa akachoka na mboga, akapanda mikaratusi, kwa kuwa mkaratusi haubembelezwi na nguzo zake zina soko Bungoma mjini na hata hapa Kitale. Na hapa lazima niseme ukweli wote. Karo yangu ya kidato cha kwanza, sanduku, godoro na viatu, vyote vilitoka kwa mikaratusi hiyo. Kwa hivyo anayedhani kwamba namshtaki mzazi wangu gazetini, amekosea njia.

Lakini mwaka jana mwezi wa Januari chemchemi ilikauka. Ilianza kwa kudondoka, tone, tone, ndoo moja ikachukua robo saa kujaa. Halafu ikabaki unyevu tu kwenye jiwe. Sasa mayi huondoka kabla ya jogoo wa kwanza kwenda chemchemi ya ng'ambo, ambako foleni ya mitungi ni kama ya siku ya uchaguzi. Dada yangu wa darasa la sita humsindikiza, na wiki haipiti kabla hajaadhibiwa kwa kuchelewa shuleni. Kukhu hawezi kwenda mbali hivyo. Huketi mlangoni akingojea kuletewa maji, naye ndiye aliyewaletea wote.

Swali lililonikera ni hili: chemchemi iko juu, ukingoni, papa alichimba chini, katikati ya bonde. Inakuwaje ukate kidole cha mguu halafu jicho ndilo lipofuke? Jibu nilianza kulipata siku tulipokwenda Saiwa.

Wengi wetu hapa Kitale hulisikia jina la Mbuga ya Taifa ya Kinamasi cha Saiwa, lakini wachache wameingia, ingawa ni kilomita ishirini na kitu tu kutoka mjini, ukifuata barabara ya Kapenguria kisha ukakata kulia kuelekea Kipsaina. Ni mbuga ndogo mno, kama kilomita 3 za mraba, na ndiyo huhesabiwa kuwa ndogo kuliko mbuga zote za taifa nchini Kenya. Ilitangazwa mwaka 1974 kwa ajili ya mnyama mmoja hasa, naye ni nzohe. Huyu ni swala wa majini. Kwato zake ni ndefu na hutanuka, hivyo hazami kwenye matope kama vile wewe na mimi tungezama. Manyoya yake ni marefu na hayaloi upesi. Akiogopa haendi mbio nchi kavu. Anajitosa majini akabakiza pua. Mnyama kama huyo ukimnyang'anya kinamasi hana pengine pa kwenda. Hawezi kuhamia shamba la mahindi akaanza maisha mapya.

Tulifika alfajiri, sisi na wenzetu wa chama cha wanyamapori, kwa sababu nzohe hula asubuhi na jioni. Saiwa haina magari. Yaani hata uwe waziri, utashuka utembee. Kuna vijia vya mbao vilivyojengwa juu ya matope, na majukwaa ya kupanda na kutazama. Mwenzetu mmoja hutembea kwa magongo. Kwa kawaida safari za namna hii humwacha chini ya mti akilinda mikoba yetu. Siku hiyo alitangulia kwenye mbao, tako, tako, polepole, wakati sisi tulikuwa nyuma tukisukumana na kupiga kelele. Ndiye aliyemwona nzohe jike, rangi ya hudhurungi, amesimama kwenye matete hadi magotini. Sisi wengine tuliona mkia tu. Mpaka leo akianza kusimulia habari hiyo bwenini hatuna la kumjibu.

Tuliona pia karasinga, yule tumbili mwenye ndevu nyeupe, na korongo wawili wenye taji la dhahabu kichwani. Askari wa wanyamapori aliyetuongoza ndiye aliyenifungua macho. Alitusimamisha katikati ya kijia akasema, "Hapa mnaona majani. Mimi naona tangi la maji." Akatueleza, nami nimejaribu kuelewa na kusoma zaidi katika maktaba, na sasa nakueleza wewe.

Chukua kipande cha godoro kuukuu. (Mimi nilikata pembe ya godoro langu, usimwambie mkuu wa bweni.) Chukua pia kipande cha bati. Vyote viinamishe kidogo, umwagie kila kimoja kikombe cha maji. Kwenye bati maji yatateremka kwa fujo na kuisha papo hapo. Kwenye godoro yataingia, yatakaa, halafu yataanza kutoka upande wa chini tone baada ya tone, na dakika kumi baadaye bado yanatoka. Bonde lenye kinamasi ni godoro. Bonde lililochimbwa mifereji ni bati. Mvua ni ile ile, kikombe ni kile kile. Tofauti ni muda maji yanaokaa nyumbani kabla hayajaaga.

Sasa lile swali la kidole na jicho. Maji ya ardhini yamekaa chini ya kilima kama maji ndani ya sufuria iliyojaa kokoto. Chemchemi ni mahali ambapo uso wa maji hayo unakutana na uso wa ardhi. Kinamasi kikijaa, kinayazuia yale maji ya chini yasishuke, na uso wake unabaki juu, hadi pale kwenye mkuyu. Ukichimba mfereji katikati ya bonde umetoboa sufuria. Uso wa maji unashuka, pengine kwa mita moja tu, na mita moja hiyo inatosha kuiacha chemchemi ikining'inia hewani. Halafu ukaongeza mikaratusi! Mti huo hukua upesi, na kinachokua upesi hunywa sana. Mizizi yake huyafuata maji hadi chini, na majani yake huyarusha hewani mchana kutwa. Mifereji ilitoboa, mikaratusi ikanywa kilichobaki.

Na kabeji je, mbona zilidumaa? Udongo mweusi wa kinamasi ni majani ya miaka mingi yaliyolala majini bila kuoza, maana hewa haikuyafikia. Ukiukausha, hewa inaingia, unaanza kuoza kwa kasi. Kwa mwaka mmoja au miwili uozo huo ni mbolea ya bure, ndiyo ile neema yetu. Kisha udongo unapungua, unanywea, unapasuka. Papa alidhani mbegu alizouziwa ni mbovu. Kumbe tulikuwa tumekula akiba tukiiita mshahara.

Kuna kazi nyingine ambayo haionekani. Mafunjo na matete hupunguza mwendo wa maji, na maji yakipunguza mwendo hutua mzigo wake. Udongo uliokokotwa kutoka mashamba ya mahindi unabaki pale, na mbolea iliyooshwa na mvua hunyonywa na mizizi. Anayechota maji chini ya kinamasi hupata yaliyo masafi kuliko anayechota juu yake. Sisi wa Trans Nzoia na Bungoma tunapenda mbolea sana, kwa hivyo habari hii inatuhusu.

Kutoka Saiwa maji huingia katika mto Nzoia, yakapita karibu na Webuye kwenye maporomoko ya Nabuyole, yakaendelea hadi Budalang'i katika Kaunti ya Busia, na hapo yakamwagika Ziwa Victoria. Wasomaji wetu wa Budalang'i hawahitaji kuelezwa mafuriko ni nini. Mwaka 2007 Nzoia ilivunja kuta, na mwaka 2020 watu walihama tena na watoto na mbuzi. Sisemi kwamba mafuriko hayo yote yaliletwa na mifereji ya watu kama sisi. Mvua ya milima ya Cherangani na Elgon ni nyingi, na Budalang'i ni tambarare. Lakini kila bonde huku juu likigeuzwa bati, tunawatumia wenzetu wa chini maji yote kwa siku moja, halafu kiangazi hatuwatumii chochote.

Nisije nikakuvunja moyo, msomaji. Kuna waliotengeneza. Pale Kipsaina, kando kabisa ya mbuga, wanakijiji walianza kikundi cha kuhifadhi korongo na vinamasi mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakiongozwa na Bwana Maurice Wanjala. Walianza na korongo kwa sababu ndege huyu hutaga kwenye majani ya kinamasi, na vinamasi vilipokatwa vipande vipande akaanza kutoweka. Tangu mwaka 2012 korongo taji amewekwa katika orodha ya ndege walio hatarini duniani. Jirani zetu wa Uganda wamemweka kwenye bendera yao, lakini bendera haitagi mayai. Watu wa Kipsaina waliweka vitalu vya miche ya kienyeji wakapanda kandokando ya maji, wakafuga nyuki, wakachimba mabwawa ya samaki, ili mtu apate shilingi bila kulima ndani ya kinamasi. Jambo hilo ndilo lililonigusa. Hawakumwambia mtu "acha" bila kumwonyesha cha kushika. (Na Kiswahili nacho kina maajabu: korongo ni ndege, na korongo ni lile shimo refu linalochimbwa na maji ya mvua. Ukimfukuza wa kwanza, wa pili atakuja bila mwaliko.)

Pwani nako wana vinamasi vyao, vya maji ya chumvi, navyo ni misitu ya mikoko. Huko mchu, mkandaa na mlilana hufanya kazi ile ile ya mafunjo yetu, tena huvunja nguvu za mawimbi na kuwapa samaki mahali pa kulelea watoto wao. Ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale, ilikatwa mikoko sana miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwandani, na sehemu kubwa ikabaki mchanga mtupu. Kuanzia miaka ya 1990 wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya walishirikiana na wanakijiji kupanda upya. Mwaka 2013 ukaanza mradi wa Mikoko Pamoja, unaolinda hekta 117. Miti ile huvuta hewa ya kaboni na kuifungia kwenye matope, na watu wa nchi za mbali hulipa ili ibaki humo. Pesa hizo zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Akina mama wa Gazi nao wamejenga kijia cha mbao kupita kati ya mikoko, na mgeni hulipa kiingilio ndipo apite. Mara moja nilikumbuka yule mwenzetu wa magongo. Watu hawatunzi mahali wasipoweza kufika. Kinamasi kikiwa mahali pa kuogopwa, pa mbu na nyoka, nani atakilalamikia kikikauka?

Sheria ipo. Tunayo Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999, na kanuni za mwaka 2009 zinazohusu ardhi zenye maji, kingo za mito na ufuo wa maziwa na bahari. Mwaka huo huo wa 2009 Waziri wa Mazingira wa wakati huo, marehemu John Michuki, aliamuru mikaratusi iliyo karibu na vyanzo vya maji ing'olewe. Kelele zilikuwa nyingi, na mikaratusi bado ipo. Kwa maoni yangu, sheria peke yake haiwezi kuingia boma la mtu ambaye miti hiyo ndiyo karo ya mtoto wake. Hata mimi nisingependa askari aje kukata viatu vyangu.

Kwa hivyo likizo ya Agosti sikwenda nyumbani na sheria. Nilikwenda na kipande cha godoro. Baada ya chakula cha jioni niliweka bati na godoro mbele ya papa, nikamwaga maji. Alitazama kimya, kisha akasema, "Hayo ni mambo ya shule. Godoro halilipi karo."

"Kweli, papa," nikasema. "Lakini tangu chemchemi ikauke, mayi hapati nafasi ya kwenda sokoni Chwele Jumatatu na Alhamisi kama zamani. Tuhesabu na hiyo."

Alinikazia macho. Nikadhani nimevuka mpaka. Kukhu, ambaye tulidhani amesinzia, akasema kutoka kwenye kigoda chake, "Mwanangu, wewe ulikunywa maji ya pale kabla hujanyonya vizuri. Mwache mtoto ajaribu upande mmoja." Papa hakujibu. Asubuhi nilimkuta bondeni na panga, anahesabu miti.

Tulikubaliana hivi. Safu nne za mikaratusi zilizo karibu na mkuyu zikatwe na kuuzwa, ili isiwe hasara. Zile za upande wa mbali zibaki mpaka nimalize kidato cha nne. Visiki vya mkaratusi ni vikaidi, huchipua upya, kwa hivyo machipukizi lazima yakatwe kila mwezi. Mfereji wa katikati tuliuziba sehemu tatu. Si sehemu moja, maana maji yakikusanyika yote nyuma ya kizuizi kimoja yatakibomoa; ni heri ngazi ndogo ndogo. Tulipigilia vigingi, tukapanga magunia yaliyojazwa udongo, tukashindilia matope na majani. Mafunjo hatukupanda popote pengine. Tulichimba vipande vya mizizi kutoka kwa jirani wa chini, tukavichomeka penye unyevu, navyo havikuuliza swali. Juu ya bonde papa alipanda nyasi za ng'ombe kwa mstari wa kukinga mteremko, ili udongo wa shamba la mahindi usishuke. Hilo lilikuwa wazo lake mwenyewe, na amelitaja kwa kila jirani.

Jirani mmoja alilalamika kwamba tutamletea mbu. Si lalamiko la kupuuza. Nilimweleza nilivyosoma, kwamba mbu hupenda zaidi vidimbwi vilivyosimama peke yake, kama kwenye makopo na nyayo za ng'ombe, na kwamba kinamasi chenye vyura, kereng'ende na samaki kina walaji wa viluwiluwi vyao. Hakuridhika sana. Tumekubaliana kufukia mashimo yote ya zamani yaliyo upande wake.

Kabla sijarudi shuleni nilimchomekea dada yangu kijiti chenye alama nyuma ya kizuizi cha kwanza, nikampa na daftari. Kila Jumamosi asome, aandike. Siku ya wazazi, mwezi uliopita, mayi alikuja nalo kwenye kikapu, limelowa pembe moja. Wiki ya kwanza alama ya kwanza. Wiki ya tatu, baada ya mvua, alama ya tatu. Wiki ya nne kizuizi cha chini kilibomoka, papa akakitengeneza. Wiki ya saba alama ya nne, na mbele yake ameandika: "vyura wengi, hatulali."

Chemchemi bado ni kavu. Mayi anasema jiwe lina unyevu zaidi ya zamani, lakini mayi naye hupenda kunifariji. Tutajua Januari. Kwa sasa kukhu amemwagiza papa alete mbao nne kutoka kwa ile mikaratusi iliyokatwa, zilazwe juu ya matope kuanzia njiani hadi chini ya mkuyu. Papa alimuuliza za nini, wakati maji hayajarudi. Akajibu kwamba yakirudi hataki kuletewa habari, anataka kwenda kuyaona mwenyewe. Mbao mbili zimeshalazwa.